Somo: Miguu ya Mtu Mwenye Ugonjwa wa Sukari

Kama una ugonjwa wa sukari, vua viatu vyako sasa, utazame miguu yako. Tazama juu, tazama nyayo, tazama katikati ya vidole. Ukishindwa kuinama, weka kioo chini, au mwambie mtoto akutazamie. Fanya hivi kila siku.

Labda unasema, "Miguu yangu haina neno, haiumi." Neno hilo ndilo linalotutia hofu. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi, inaharibu mishipa ya fahamu, na mguu haupeleki habari tena. Msumari unaingia, nawe unaendelea kutembea. Tena mishipa ya damu inakuwa myembamba, na kidonda hakiponi upesi. Vijidudu vikifika mfupani, mara nyingine hakuna njia ila kukata mguu.

Mnawajua wagonjwa wa ukoma waliopoteza vidole. Zamani watu waliwaza kwamba ukoma wenyewe unakula vidole. Munganga Paul Brand, aliyefika Vellore katika Uhindi mwaka wa 1946, aliona si hivyo. Mgonjwa hakusikia maumivu: alishika sufuria ya moto, alitembea juu ya kidonda, na usiku panya walimtafuna asiamke. Baadaye, huko Marekani, yeye na wenzake waliona miguu ya wagonjwa wa sukari inaharibika kwa njia ile ile. (Habari ya panya si hadithi. Katika Dar es Salaam pia wagonjwa wa sukari waliletwa hospitali wakiwa wametafunwa miguu. Lala umeifunika, na usiache chakula karibu na kitanda.)

Utajuaje kama mguu wako unasikia? Funga macho. Mtu wa nyumba yako aguse kidogo tu, kwa ncha ya kidole chake, kidole chako kikubwa, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kuume na wa kushoto. Asisukume wala asipapase. Hiyo ni mara sita. Usiposikia mara mbili au zaidi, mwambie munganga.

Osha miguu kila siku kwa maji na sabuni, lakini usiiloweke. Maji uyapime kwa kiwiko. Kausha katikati ya vidole. Ngozi kavu ipake mafuta, ila si katikati ya vidole. Kucha uzikate sawasawa. Sugu usiikate kwa wembe, na funza usimchokoe mwenyewe kwa pini. Usiote moto wa makala, hata kama unakaa kwenye baridi ya milima ya Lubero. Usitembee bila viatu, hata nyumbani, na kabla ya kuvaa tia mkono ndani utafute jiwe au msumari. Ukinunua viatu, vijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo.

Ukiona kidonda au lengelenge, osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, uje hospitali siku ile ile. Usitie majivu wala majani. Tena usije kwa miguu. Wako wanaotembea kilomita ishirini kwa sababu hawasikii maumivu, na kila hatua inakiponda kidonda. Tafuta baiskeli, pikipiki au tipoyi, watu wakubebe.