SOMO LETU: CHUPA NA NDOO

Ndugu wafanyakazi, wapo watakaouliza: hadithi na michezo ya kuigiza inahusu nini mafunzo ya wauguzi, na chama kinatafuta nini humo? Tuanze kisimani.

Kipindupindu kilipozuka Nampula na huku kwetu Cabo Delgado mwishoni mwa miaka ya 1990, wahudumu wa afya walitia dawa katika maji. Kwa Kireno dawa hiyo ni cloro, na ugonjwa ni cólera. Watu wakaamini kuwa wanatiliwa ugonjwa. Wahudumu walipigwa, na mwaka 2009 huko Nampula wengine waliuawa. Carlos Serra, aliyetoa kitabu Cólera e Catarse mwaka 2003, hakuridhika na jibu kwamba watu ni wajinga. Aliona maskini wasiowaamini wenye mamlaka.

Kukariri dalili za ugonjwa hakumwandai mwanafunzi kwa siku kama ile. Basi wakae duara, waigize. Mmoja ashike chupa ya dawa, mwingine awe mama mwenye ndoo. Mama anapouliza, "Mnatutilia nini?" mchezo usimame. Kila mmoja ajaribu jibu lake, kwa Kimwani, Kimakonde au Kiswahili. Kisha wabadilishane: mwenye chupa ashike ndoo. Hapo ndipo wengi hunyamaza. Njia hii ilienezwa na Mbrazili Augusto Boal, lakini sisi hatukumngoja: ngoma ya mapiko ilikuwa na vinyago vya kumcheka mtawala wa Kireno.

Tunalo la kwetu pia. Mwenzetu, kibarua wa chumvi, alikwenda zahanati na kidonda cha mguu. Mwanafunzi wa zamu alimwuliza kwa Kireno, akaandika, hakumtazama usoni. Mwenzetu hakurudi tena. Mguu ulikatwa. Hatusemi kijana yule alikuwa mbaya. Huenda alikuwa amekesha, na muuguzi naye ni mfanyakazi.

Kisa kama hiki kisimuliwe darasani, bila jina la mgonjwa wala la muuguzi, na mkufunzi asikae kama hakimu. Wapo wanafunzi waliokimbia vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Asilazimishwe mtu kusimulia yaliyomkuta. Na kibarua akialikwa kusimulia chake, siku hiyo isikatwe katika mshahara wake. Hilo tutalidai sisi.