Mrile na Moshi wa Jikoni



Bila shaka umeshakutana na ule mchezo wa mitandaoni wa kuwapa wahusika wa hadithi za watoto majina ya magonjwa ya akili. Mwaka 2000 madaktari kadhaa wa Kanada waliufanya kwenye jarida la chama cha madaktari wa nchi yao, kwa utani wa Krismasi. Waliwapima wanyama wa Winnie-the-Pooh wakasema punda Eeyore ana sonona, Piglet ana wasiwasi uliopitiliza, na Tigger ndiye yule mtoto asiyeweza kutulia. Unacheka, halafu unajiona humo.

Leo tuufanye kwa hadithi ya huku kwetu Uchagani, ile ya Mrile. (Kama huna bibi wa kukusimulia, Alice Werner aliiweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1933 cha masimulizi ya Wabantu.)

Mrile alikwenda na mama yake kuchimba magimbi. Akaona mbegu moja nzuri kama mdogo wake mchanga, akaificha kwenye tundu la mti. Ikageuka mtoto. Akawa anampelekea chakula chake mwenyewe, huku yeye anazidi kukonda. Wadogo zake wakamfuatilia, wakamwambia mama, na mama akaenda akamuua yule mtoto. Mrile alipomkuta amekufa alirudi nyumbani akalia. Akaulizwa analia nini. Akasema ni moshi (wa kuni, siyo mji). Basi, wakamwambia ahamie upande mwingine. Akaendelea kulia. Wakamwambia achukue kiti cha baba akakae uani.

Akakaa, akakiamuru kiti kipae, nacho kikapaa. Ndugu walipokuja mbio kumsihi, jibu lake lilikuwa kwamba harudi tena.

Sasa tumpe ugonjwa gani? Mwenye haraka atasema: anaona mtoto kwenye gimbi, huyo amechanganyikiwa. Lakini angalia vizuri, wadogo zake nao walimwona, na mama asingeua kitu ambacho hakipo. Jina hilo halimfai. Mimi naona msiba ambao nyumba nzima haikuutambua kuwa ni msiba. Huzuni ya namna hiyo peke yake si ugonjwa. Ikikaa wiki baada ya wiki, ikaondoa usingizi, hamu ya kula na hata ya kuishi, inaweza kuwa sonona, na kusema hivyo ni kazi ya daktari, si yangu wala yako.

Nalisisitiza hili kwa sababu tunapenda mno kubandika majina. Mtu akinyamaza siku mbili tu, eti "huyu apelekwe Mirembe." Hospitali ya Dodoma inayotibu watu tumeigeuza tusi! Ukishamtania mwenzako hivyo, siku akiumia kweli atakwambia ni moshi.

Tena waliomhamisha Mrile hawakumtukana. Walitatua tatizo la moshi, basi. Nasi tunafanya hivyo hivyo kwa maneno ya dini: "sali tu, itapita."

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alikaa chini ya mti akamwomba Mungu afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akarudi mara ya pili. Safari ya siku 40 kwenda Horebu ilikuja baadaye.

Kwa hiyo rafiki akikwambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au KCMC pale Moshi wanakotibu pia magonjwa ya akili. Padre naye aitwe, na rozari mnaweza kuisali ndani ya daladala mkiwa njiani.

La kujadili kikundini Jumapili baada ya Misa: wadogo wa Mrile waliona kaka yao anakonda. Kabla ya kwenda kwa mama, wangemwambia nini yeye mwenyewe?