Kutunza Tunguu la Ua la Vuli Likishachanua

Mwongozo huu unahusu mmea mmoja tu, Scadoxus multiflorus: ua jekundu la mviringo lenye nyuzi nyingi, ambalo huota vichakani mwambao wa Tanzania na huchomoza mvua za vuli zinapoanza. Ua hutangulia, majani hufuata. Kwa hiyo kazi kubwa huanza ua likishanyauka.

Maneno manne yatumike hivi: "tunguu" ni sehemu nene iliyo ardhini, "shingo" ni ncha yake ya juu, "bua" ni kikonyo kilichobeba ua, "shina" ni sehemu inayobeba majani, kando ya bua.

Andaa kisu kikali, glavu za mpira, jembe dogo, majivu makavu, samadi iliyooza kabisa, na ndoo ya lita 10 iliyotobolewa matundu 5 kwenye kitako.

1. Vaa glavu. Mmea wote una sumu. Watoto na mbuzi wakae mbali.

2. Kagua ua. Nyuzi zote zikisinyaa, nenda hatua ya 3. Ukitaka mbegu, acha bua lisimame mpaka vitunda viwe vyekundu, na uende hatua ya 4.

3. Kata bua sentimita 3 juu ya udongo. Hakikisha kwanza: bua lina masalia ya ua kileleni, shina lina majani. Ukikata shina umelinyima tunguu chakula cha msimu ujao. Paka majivu kwenye kidonda.

4. Tandaza konzi 2 za samadi kuzunguka mmea, sentimita 10 kutoka shingoni. Samadi isiguse shingo.

5. Mwagilia lita 1 kila wiki isiyo na mvua, maadamu majani ni mabichi. Onja maji kabla: visima vya delta wilayani Kibiti huingia chumvi. Yakiwa na chumvi, tumia maji ya mvua.

6. Amua mahali pa tunguu kabla ya Februari kwisha. Udongo wa kichanga wa sehemu za juu za Kibiti, chini ya mkorosho, unatosha; liache hapohapo. Kama maji yalifika uani kwako katika mafuriko ya Aprili 2024, hamisha. Chimba duara kuzunguka shina, lisizidi upana wa ndoo, inua tunguu na bonge lake zima la udongo, weka ndani ya ndoo, shingo iwe usawa wa udongo. Ndoo ikae juu ya kichanja. Usitikise mizizi.

7. Acha majani yajifie yenyewe. Usiyakate, usiyafunge mafundo, hata kama uwanja unaonekana mchafu.

8. Sitisha kumwagilia nusu ya majani ikiwa manjano, kwa kawaida baada ya masika.

9. Vuta majani makavu kwa vidole viwili. Yakigoma, ngoja wiki 1, jaribu tena.

10. Sogeza ndoo mahali pakavu mpaka vuli. Usiiweke jikoni: tunguu lililofukuliwa hufanana na kitunguu maji, na kosa hilo ni la hatari.

11. Bonyeza shingo kwa kidole gumba mwishoni mwa Septemba. Ngumu ni nzima. Laini au yenye harufu imeoza: fukia tunguu lote mbali na bustani ya mboga.

12. Rudisha ndoo kwenye kivuli chepesi mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha.

Tunguu lililohamishwa linaweza kutoa majani matupu msimu wa kwanza. Usilichimbue kuangalia.