Mguu wa Ndama Hujengwa Kabla Hajazaliwa



Ndama akizaliwa na miguu iliyopinda, wengi wetu hutafuta sababu katika siku ya kuzaa: eti alivutwa vibaya, au dume lilikuwa na kasoro. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi chanzo ni cha miezi saba au minane nyuma, wakati hata mwenye ng'ombe hajaamini kuwa ana mimba.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Mwezi wa kwanza unapokaribia kwisha, vichipukizi vya miguu hujitokeza ubavuni mwa kiinitete. Ndani yake hakuna mfupa bado. Kwanza hufanyika gegedu, kitu laini kama kile cha sikioni, chenye umbo la mfupa utakaokuja. Kisha mfupa wenyewe huanza katikati ya gegedu na kuenea kuelekea ncha zake. Karibu na ncha hubaki gegedu hata baada ya kuzaliwa, na hapo ndipo mguu unaporefukia.

Anayetaka ushahidi aende machinjioni autazame mfupa mrefu ulio juu ya kwato. Upande wa mbele una mfereji mwembamba. Hiyo ni alama ya mifupa miwili iliyoanza mbalimbali, ikaungana kuwa mmoja.

Kazi hiyo huharibika kwa urahisi. Magharibi mwa Marekani, ng'ombe wanaokula aina fulani za mmea uitwao lupini, hasa kati ya siku ya 40 na ya 70 ya mimba, huweza kuzaa ndama wa miguu iliyopinda: sumu yake humlegeza kiumbe asichezecheze tumboni, na kiungo kisichotikisika hukakamaa. Upungufu wa madini ya manganisi katika malisho ya mama nao hupotosha miguu. Na dawa ya minyoo ya albendazole, ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, haifai kupewa ng'ombe katika siku 45 za kwanza za mimba.

Sasa, nani atahesabu siku 45 ikiwa siku ya kupandishwa haikuandikwa? Madaftari mengi huandika lita za maziwa kwa uangalifu mkubwa, na tarehe hiyo yaiacha kichwani mwa mchungaji. Katibu na aongeze safu moja: tarehe ya kupandishwa au ya uhimilishaji. Kabla ya kumpa mwanachama dawa ya minyoo, aifungue safu hiyo kwanza. Tarehe hiyo hiyo itamwonyesha mwanachama lini aache kukamua, yaani siku 60 kabla ya kuzaa, wakati mifupa ya ndama inapodai madini mengi kuliko wakati wowote wa mimba.