Dondoo muhimu: Chawa kichwani mwa mtoto

Mtoto akijikuna kila mara nyuma ya masikio na kisogoni, mkalishe mlangoni penye mwanga, uzigawe nywele fungu kwa fungu. Chawa mwenyewe hukimbia upesi, tafuta mayai. Ni vidoti vyeupe vyenye unjano vilivyoganda kwenye unywele, karibu na ngozi. Pulizia: mba hupeperuka, yai halitoki mpaka ulikwangue kwa kucha.

• Fumua misuko kwanza. Lowesha nywele, paka kondishena nyingi, kisha pitisha kitana chenye meno yaliyobanana kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, ukikifuta kila mara kwa kitambaa cheupe. Rudia kila baada ya siku 3 kwa wiki 2.

• Dawa ya permethrini ya asilimia 1 hukaa kichwani dakika 10, kisha husuuzwa. Haiui mayai yote, na yaliyobaki huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10. Ipake tena siku ya 9. Wengi huishia mara ya kwanza, halafu huilaumu dawa.

• Mafuta ya taa na dawa ya mbu, hapana kabisa! Huunguza ngozi, na mafuta ya taa hushika moto.

• Kagua vichwa vya nyumba nzima siku hiyo hiyo. Mitandio, kofia na foronya vifuliwe kwa maji ya moto.

• Kunyoa kipara hutibu, ila binti asiyetaka asilazimishwe.

Chawa hachagui kichwa kisafi wala kichafu, kwa hiyo mwambie mwalimu bila aibu.