Kukunja paipu ya breki bila kuibonyeza

Swali: Dereva wa Toyota Hiace huko Igoma, Mwanza, anataka kubadili paipu ya breki iliyoliwa na kutu. Kifaa cha kuikunjia atakipata wapi? Au mikono inatosha?

Jibu: Aanzie kwa mafundi friji. Hao hukunja paipu nyembamba kila siku, na wenye kifaa kidogo cha gurudumu la mfereji wanaweza kuikunja paipu ya milimita 4.75, kipimo cha magari mengi madogo. Akikikosa, mikono inatosha kwa kona pana, mradi paipu izungushwe kwenye soketi ya spana. Ikibonyea, isinyooshwe, ikatwe nyingine.

Kifaa chao cha kutanulia mdomo wa paipu, hata hivyo, kibaki kwenye friji. Hicho kwa kawaida hutanua mkunjo mmoja, ilhali Toyota inataka mdomo wa mikunjo miwili ili uhimili presha ya breki. Na nati ivishwe kabla ya kutanua! Hapo wengi husahau.

Shaba tupu hukunjika kwa raha, lakini huchoka kwa mtikisiko. Afadhali chuma, au mchanganyiko wa shaba na nikeli usioshika kutu.

Kwa kutu iliyokula paipu ya zamani, Ziwa Victoria halina lawama: maji yake ni baridi, si ya chumvi. Lakini gari lililotumika kwenye theluji ya Japani huweza kuja na chumvi ya barabarani chini ya bodi.

Paipu ikishafungwa, upepo utolewe kwenye breki za magurudumu yote, pedali ikanyagwe kwa nguvu injini ikiwaka, kisha kila nati ipanguswe kwa karatasi kavu kutafuta unyevu.