Mikono Ikianza Kuzeeka

Mzazi akishindwa kufunga vifungo vya shati asubuhi, au viganja vikipasuka mpaka vikakwaruza shuka, wengi wetu husema "uzee huo" na kuyamaliza hapo. Uzee upo kweli. Lakini matatizo mengi ya mikono ya wazee hutulia kwa mafuta ya shilingi elfu chache na kubadili mazoea, na yapo machache yasiyotaka kusubiri hata kidogo.

Tuanze na ngozi. Tezi za mafuta, yaani vijifuko vidogo vya ngozini vinavyotoa mafuta ya asili, hupunguza kazi kadiri umri unavyosogea, na ngozi ya mgongo wa kiganja huwa nyembamba. Ndiyo maana mzee hugonga mkono ukingoni mwa meza kidogo tu, likatokea doa la zambarau. Doa la namna hiyo hufifia lenyewe. Madoa yakizidi, au kama mzee anameza dawa za kufanya damu isigande, mwambie daktari.

Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo. Mikono inataka sabuni laini isiyo na manukato makali, na maji ya uvuguvugu. Jifute kwa kubonyezabonyeza taulo, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kwa sababu kazi ya mafuta ni kuyazuia maji yaliyomo yasitoke. Mafuta ya mgando ya kawaida yanatosha. Huna haja ya krimu ya bei mbaya. Palipopasuka, paka kwa wingi wakati wa kulala, uvae soksi safi za pamba mikononi hadi asubuhi. Wajukuu watacheka, wewe lala nazo.

Kuna vitu viwili vya kukaa mbali navyo. Kwanza ni krimu za kung'arisha ngozi. Nyingine zina dawa kali zinazoifanya ngozi izidi kuwa nyembamba, nyingine zina zebaki, ambayo ni sumu kwa figo. Pili ni piko. Hina ya majani kwa kawaida haina neno, lakini piko jeusi ni rangi ya nywele, na kwa baadhi ya watu huleta malengelenge na makovu.

Na viungo vinavyouma je? Kinachowapata wazee wengi ni kulika kwa gegedu, ule utando mgumu unaozuia mifupa isisagane. Vidole huota vinundu karibu na kucha, na shina la kidole gumba huuma ukikamua nguo au ukikuna nazi. Asubuhi tia mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hadi kumi. Yapime kwanza kwa kiwiko, maana vidole vyenye ganzi havijui moto. Humo ndani ya maji, kunja ngumi polepole bila kuikaza, fungua vidole vyote, kisha gusisha kidole gumba na kila kidole kwa zamu. Kuhisi kukazwa kidogo si kitu; maumivu makali yakija, acha.

Halafu tazama vitu unavyoshika. Mpini mwembamba hukilazimisha kidole kukaza sana, kwa hiyo unenepeshe: kata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, uuzungushie mpini wa kisu, mwiko au jembe mpaka ujaze kiganja. Kipande cha tyubu hiyohiyo husaidia kufungua kifuniko kilichokaza. Maji yachotwe kwa dumu la lita 5, si ndoo ya 20. Anayesuka ukili asikae nao kutwa nzima. Kila baada ya nusu saa auweke chini, anyooshe vidole.

Dawa za maumivu zina mipaka yake. Vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni, ambavyo huuzwa katika maduka ya dawa, vinaweza kumtoboa mzee tumbo, kumharibu figo na kumpandisha presha, hasa akivimeza kila siku. Parasetamoli ni salama zaidi kwa kipimo kilichoandikwa. Hata dawa ya kuchua, uliza kwanza.

Usikae nyumbani ukiona mikono yote miwili imevimba viungo na ukakamavu wa asubuhi unapita nusu saa. Huenda ni baridi yabisi, na dawa zake hufaa zaidi zikianza mapema. Kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, yaweza kuwa jongo au usaha ndani. Nenda siku hiyohiyo. Ganzi inayokuamsha usiku katika kidole gumba, cha shahada na cha kati mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, lakini pima na kisukari. Baka lililopauka au jekundu lisilosikia mguso laweza kuwa ukoma, ambao unapona na dawa zake ni za bure. Na mkono mmoja ukilegea ghafla, hiyo ni dharura: inaweza kuwa kiharusi.

Kwa Tanzania, kama si dharura, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Kama hana kitambulisho cha matibabu, ulizia kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Siku ya kwenda, vua pete mapema kama vidole vinavimba. Ikigoma, paka sabuni na uizungushe polepole. Beba dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, na ukifika uliza kama lipo dirisha la wazee kabla ya kupanga foleni.